Mrejesho unaofika baada ya somo kwisha unamsaidia nani? Tathmini na ari ya mwanafunzi wa chuo kikuu

#1 Kalamu Nyekundu (mtoa mada)

Wanajukwaa, salaam.

Ninafundisha chuo kikuu, somo lenye insha mbili na mtihani wa mwisho wa muhula, na uzi huu umetokana na jambo nililolishuhudia nikiwa nimesimama mlangoni mwa ofisi yangu siku ya kurudisha insha ya kwanza. Nilikuwa nimezisahihisha kwa majuma matatu, na kila moja ilikuwa na maelezo pembeni pamoja na aya nzima ya maoni kwenye ukurasa wa mwisho. Kijana mmoja alipokea yake, akafunua moja kwa moja hadi mwisho, akaiona 11 kati ya 20 niliyoizungushia duara, akachungulia ya mwenzake iliyokuwa na 14, kisha akaikunja mara mbili na kuitia mfuko wa nyuma wa suruali. Aya yangu ilikuwa chini kidogo tu ya duara lile, lakini sidhani kama macho yake yaliteremka hadi hapo. Jioni nilikuta insha nane zimetelekezwa kwenye viti vya ukumbi wa mihadhara.

Nilikasirika, na katika hasira hiyo nikayasema maneno ambayo sisi walimu tunarithishana, kwamba wanafunzi wa siku hizi wanataka alama, elimu hawana haja nayo. Hasira iliponitoka nilijiuliza swali lililoniharibia usingizi: kijana yule angeisoma aya yangu, angeifanyia nini? Insha ya pili ilihusu mada nyingine kabisa, na zaidi ya hapo ilikuwa imekwisha kukusanywa siku nne kabla sijairudisha ile ya kwanza. Nilikuwa nimempa ushauri wa safari mtu aliyekwisha kufika.

Kwa hiyo hoja ninayoileta mbele yenu ni hii. Kila tathmini humwachia mwanafunzi swali moja dogo, nalo ni kama kuna kitu anachoweza kukifanya baada ya kuambiwa aliyoambiwa. Kikiwepo, anaweza kuvumilia hata alama mbaya na ukosoaji mkali, akaendelea kusoma kwa hamu. Kisipokuwepo, hata maoni yaliyoandikwa kwa huruma husomeka kama hukumu, na mtu aliyekwisha kuhukumiwa hana sababu ya kuisoma hukumu yake mara ya pili.

Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha jaribio ambalo wanaofuatilia mambo haya wanalifahamu. Aliwagawa wanafunzi katika makundi: wengine walipewa alama peke yake, wengine maoni peke yake, na wengine alama pamoja na maoni. Kundi la maoni peke yake ndilo lililoendelea kuvutiwa na kazi na kuifanya vizuri zaidi. Jambo lililowashangaza wengi ni kundi la tatu, ambalo lilipewa vyote viwili lakini likaishia karibu sawa na lile la alama peke yake, kana kwamba alama ilipotokea maoni yakageuka kuwa mapambo. Nikiikumbuka ile 11 yangu yenye duara, naona nililipa gharama ya majuma matatu kutengeneza mapambo.

Tusidhani pia kwamba kila mrejesho ni baraka. Watafiti Kluger na DeNisi walikusanya tafiti nyingi na kuzichambua kwa pamoja mwaka 1996, wakapata matokeo 607 ya kulinganisha. Kwa wastani mrejesho uliinua utendaji, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo uliushusha. Maelezo yao yana maana sana kwetu: mrejesho unaoielekeza akili ya mtu kwenye kazi yenyewe humsaidia, ila unaoielekeza kwenye nafsi yake, yaani mimi ni nani, nina akili kiasi gani, wenzangu wananionaje, humtoa kwenye kazi. Duara jekundu na alama ya mwenzako vinakuelekeza wapi?

Hebu tuyaangalie sasa maneno yenyewe tunayoyaandika. Nilirudi kwenye zile insha nane nikazisoma kama vile si zangu. Katika moja nilikuta «Fafanua» mara sita, «Hoja dhaifu» mara mbili, mstari wa mawimbi chini ya sentensi tatu bila neno lolote, alama ya kuuliza iliyosimama peke yake pembeni, na mwishoni «Jitahidi zaidi». Mimi niliyeandika nilijua nilichomaanisha. Nilipoandika «Fafanua» mara ya kwanza nilitaka ushahidi. Mara ya pili nilitaka istilahi ielezwe. Mara ya tatu, nikiri, nilikuwa nimechoka. Mwanafunzi aliona neno moja tu likirudiwa mara sita. Na «Jitahidi zaidi» ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linamwambia mtu kwamba tatizo lake ni uvivu, hali huenda alikesha siku tatu akifanya kwa bidii kitu kisichotakiwa.

Mtafiti wa elimu Royce Sadler aliliweka jambo hili vizuri mwaka 1989 aliposema kwamba ili mwanafunzi apige hatua ni lazima ajue kiwango kinachotakiwa kinafananaje, aweze kuilinganisha kazi yake na kiwango hicho, na awe na la kufanya ili kuupunguza umbali uliopo kati ya viwili hivyo. Katika somo langu sharti la kwanza lilikuwa kichwani mwangu tu, la pili nilimfanyia mimi kwa niaba yake, na la tatu ratiba yangu ililifuta.

Ningependa kusikia kutoka kwa wanafunzi, wahadhiri wenzangu, na yeyote aliyewahi kukaa pande zote mbili za meza.

#2 Mwaka wa Tatu

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma bandiko lako mara mbili na nimejiona humo, kwa hiyo naomba nieleze yule kijana alikuwa na nini kichwani, maana nimewahi kuwa yeye.

Mtu anapofunua ukurasa wa mwisho kwanza si kwamba anayadharau maandishi yako. Moyo unamwenda mbio. Kabla ya kujua alama hawezi kusoma kitu chochote, na baada ya kuijua, ikiwa mbaya, hataki kusoma kitu chochote. Nafasi ya kusoma maoni kwa utulivu iko katikati ya nyakati hizo mbili, na mnavyoturudishia karatasi nafasi hiyo haipo kabisa. Zaidi ya hayo tunasimama wenzetu wakituangalia. Katika somo moja matokeo yalibandikwa ukutani kwa namba za usajili, lakini kila mtu anaijua namba ya kila mtu, na nakumbuka dada mmoja aliyekuwa akiuliza maswali mazuri kuliko sisi sote darasani alivyotazama karatasi ile, akaondoka, na hakuuliza swali tena hadi muhula ukaisha. Hakuna aliyemkataza. Alikuwa amepata alama ya kufaulu, tena ya kutosha, ila iliandikwa chini ya namba za watu ambao yeye ndiye aliyekuwa akiwaelewesha.

Jambo la pili ni madesa, yaani karatasi za kukariri zinazotokana na mitihani iliyopita. Mnatulaumu kwamba tunakariri mitihani ya miaka iliyopita badala ya kusoma. Ni kweli tunakariri, lakini tumejifunza kufanya hivyo kutoka kwenye mitihani yenyewe. Somo ambalo maswali yake hujirudia kila mwaka limekwisha kututangazia kitu linachokithamini, na limetutangazia kwa sauti kubwa kuliko yale malengo mazuri yaliyoandikwa kwenye muhtasari wa somo. Nina somo moja ambalo nililipenda kwa dhati, nikalisoma kwa mapana yake, nikapata sapu, yaani nikafeli na kutakiwa kurudia mtihani. Aliyekaa na desa la kurasa kumi na mbili akapata daraja la juu. Muhula uliofuata na mimi nilitafuta desa. Sijivunii, nasema tu ilivyokuwa.

#3 Mizani

Mtoa mada, ahsante kwa uzi wenye uzito, lakini naomba niweke breki kidogo.

Kwanza, wanafunzi wa Butler walikuwa watoto wa shule ya msingi. Mtu wa miaka 22 ambaye ufadhili wake, nafasi yake ya shahada ya pili na pengine ajira yake vinategemea wastani wa alama hafanani na mtoto anayefanya mazoezi ya kuunda maneno. Ukimficha alama humwondolei wasiwasi, unamwongezea. Mimi nilijaribu kurudisha kazi zikiwa na maoni bila alama, na kilichotokea ni kwamba wanafunzi waliyasoma maoni kama wapiga ramli, wakitafuta alama iliyojificha ndani yake: «mwalimu amesema “nzuri kiasi”, hiyo itakuwa B au C?» Kusoma walisoma, ila hawakusoma ili wajifunze.

Pili, nina wanafunzi mia nne na kidogo katika somo la mwaka wa kwanza, pamoja na wasaidizi wawili. Ushauri wa kuandika maoni marefu yenye kumjali kila mtu ni mzuri kwa aliye na wanafunzi kumi na wanane. Kwangu mimi dakika kumi kwa kila karatasi ni saa zaidi ya sitini na sita, na hapo sijafundisha, sijala, wala sijalala. Kuna siku huwa nahisi kwamba wanaohubiri mrejesho hawajawahi kubeba furushi la karatasi mia nne kwenye ngazi.

Tatu, na hili tusilikwepe, alama ni ujumbe pia. Mwanafunzi anayepata 35 kati ya 100 ameambiwa jambo la kweli na la haraka. Tukiificha kweli hiyo kwa maneno laini tunamwibia muda wa kujipanga.

#4 Bi Vigezo

Mizani, nakubaliana nawe kuhusu watoto wa Butler, na nakubaliana nawe kuhusu ngazi. Ila katika hesabu yako kuna dhana moja inayostahili kuhojiwa, nayo ni kwamba mrejesho lazima uandikwe na mwalimu, kwa kila mmoja, baada ya kazi kukabidhiwa.

Mimi pia nina darasa kubwa. Wiki mbili kabla ya kukusanya kazi, ninawapa wanafunzi majibu matatu ya swali lililoulizwa miaka ya nyuma, niliyoyaandika upya mwenyewe ili yasimfichue mtu: moja la kiwango cha juu, moja la kati, na moja ambalo linapendeza machoni lakini halijibu swali. Ninawapa pia mwongozo wa kusahihisha, wanakaa wawiliwawili na kuyasahihisha yote matatu. Kila mwaka, bila kukosa, sehemu kubwa ya darasa hulipa lile la tatu alama nyingi kuliko zote. Ubishi unaofuata ndio somo langu bora katika muhula mzima. Wanagundua wenyewe kwamba walikuwa wakithamini lugha nzito na urefu, na mtu aliyegundua hivyo kwa jibu la mwingine haumii, kwa sababu nafsi yake haimo mezani. Baada ya hapo, nikiandika «hapa umefanya kama lile jibu la tatu» kwenye kazi ya mtu, maneno hayo machache yanatosha. Gharama yake ni kipindi kimoja cha saa mbili, darasa liwe la ishirini au la mia nne.

Kuhusu kusema kweli, sidhani kuna anayetaka iwe laini. Cohen, Steele na Ross walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ambamo wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani, weusi na weupe, walikosolewa vikali juu ya insha zao. Ukosoaji ulipokuja peke yake, wanafunzi weusi waliuona una upendeleo na hamu ya kuiandika upya ikashuka. Ulipoambatana na maelezo kwamba umetolewa kwa sababu kiwango kinachotakiwa ni cha juu, na kwamba msahihishaji ameisoma kazi na anaamini mwandishi anaweza kukifikia kiwango hicho, hamu ilipanda, hali ukosoaji ulibaki na ukali wake. Kusifia tu kabla ya kukosoa hakukuwa na nguvu hiyo. Mwanafunzi alihitaji kujua kwa nini mtu huyu anajisumbua kumkosoa.

Mwaka wa Tatu, mdogo wangu, nimeguswa na habari ya dada yenu. Kuna chuo kimoja cha Marekani, MIT, ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akifeli somo katika muhula wake wa kwanza, kufeli huko hakuingizwi kwenye rekodi inayotumwa nje. Si dawa ya kila kitu, lakini angalau chuo kimetambua kwamba mtu anayejifunza kutembea hapaswi kutangaziwa kila anapoanguka.

#5 Msahihishaji wa Pili

Nami niongeze jambo moja fupi linalosahaulika: mwanafunzi ataiamini vipi 11 wakati sisi wenyewe hatukubaliani juu yake? Mwaka 1912 watafiti Starch na Elliott walituma karatasi zilezile mbili za Kiingereza, za wanafunzi wa sekondari, kwa walimu wengi wazisahihishe kwa kipimo cha mia. Karatasi moja ilipata kuanzia 64 hadi 98, na nyingine kuanzia 50 hadi 97. Walipofanya hivyo kwa jometri mwaka uliofuata, somo ambalo mtu angelidhani lina heri, tofauti zikawa kubwa zaidi. Nimekaa kwenye vikao vya kulinganisha usahihishaji kwa miaka mingi, na nimewahi kuona insha moja ikipewa 8 na mwenzangu na 15 na mimi, wote tukiwa na mwongozo uleule mbele yetu. Tulikubaliana 12, na mwanafunzi akapokea 12 bila kuambiwa kwamba namba hiyo ni mkataba wa amani kati ya watu wawili. Tungemweleza tulichobishania, angejifunza mengi kuliko alivyojifunza kwa ile 12.

#6 Mizani

Bi Vigezo, hilo la majibu matatu nitalijaribu. Bado nina swali moja kwa wote. Vyuo vinavyogawa madaraja kwa mgao, kwamba A zisizidi kiasi fulani, mwalimu mmoja mmoja anaweza kufanya nini? Chuo kikuu cha Princeton, Marekani, kiliweka lengo mwaka 2004 kwamba A zisizidi asilimia 35, na kikaliondoa mwaka 2014 baada ya kuona, pamoja na mambo mengine, kwamba wanafunzi walilichukulia kama mgao wa lazima na kulemewa na ushindani. Mahali ambapo A ya mwenzako inakupunguzia nafasi ya A yako, kumwelewesha mwenzako ni hasara. Hapo maoni yangu pembeni ya karatasi yatafua dafu?

#7 Kalamu Nyekundu (mtoa mada)

Marahaba, Mwaka wa Tatu, na ahsanteni nyote. Nitajibu kwa kueleza nilichokifanya, maana baada ya kuandika bandiko la kwanza niliupanga upya muhula.

Insha ya kwanza sasa ni rasimu ya ile ya pili. Ninairudisha ikiwa na mambo mawili tu: sehemu moja inayoonyesha uwezo halisi wa mwandishi, na aya moja anayotakiwa kuiandika upya, pamoja na sentensi inayosema kwa nini nimeichagua aya hiyo. «Fafanua» nimejipiga marufuku. Alama ipo, Mizani, sijaificha, ila haiko kwenye karatasi. Mwanafunzi huipata kwenye mfumo wa chuo siku atakapoleta aya iliyoandikwa upya, na anapoileta ananiandikia alama anayodhani amestahili na sababu yake. Kwa njia hiyo ile nafasi ya katikati aliyoieleza Mwaka wa Tatu imepatikana, walau kwa siku tano.

Mambo mazuri yapo. Makadirio yao, kwa walio wengi, hayakuwa mbali sana na alama zangu, na pale yalipokuwa mbali nilikuwa na kitu cha kuzungumza nao. Usahihishaji umekuwa mfupi kuliko zamani. Mabaya nayo yapo: wanafunzi wawili walinishtaki kwa mkuu wa idara kwamba ninazuilia haki yao, na nilipoitwa kujieleza niligundua kwamba sikuwa nimewaeleza darasa zima, siku ya kwanza, kwa nini ninafanya hivi. Nilikuwa nimebadilisha tathmini bila kuiwasilisha, kosa lilelile kwa sura nyingine.

Mgao wa madaraja, Mizani, sina uwezo nao, na sitajifanya kwamba aya moja iliyoandikwa upya inaushinda.

#8 Mwaka wa Tatu

Mwalimu, swali moja tu. Hiyo aya ya kuandikwa upya inahesabiwa kwenye alama za mwisho?

#9 Kalamu Nyekundu (mtoa mada)

Haihesabiwi.

#10 Mwaka wa Tatu

Basi kuna ambao hawakuileta.

#11 Kalamu Nyekundu (mtoa mada)

Zaidi ya theluthi ya darasa. Walingoja muda wa mwisho upite mfumo uwaonyeshe alama wenyewe. Nimefikiria kuipa aya hiyo alama tano ili wailete, kisha nikaona kwamba nitakuwa nimewanunua, na mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci alikwisha kuonyesha kwa wanafunzi wa chuo kikuu kwamba aliyelipwa kutatua mafumbo huyaacha haraka malipo yanapokoma. Muhula ujao nitajaribu waandike aya ile darasani, katika nusu saa ya mwisho, nikiwa napita kati ya viti. Nitaleta matokeo humuhumu kwenye uzi.